Nguva wa Njia ya Salwa

Haya alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Doha asubuhi, nikiwa nachambua mchicha jikoni kwangu Tanga, na kabla hajafika alikokuwa anakwenda nilikuwa nimeshajua, kwa sababu alianza kwa kuniita dada yangu, na Haya hakuwa mtu wa kuanza hivyo. Mama yake amefariki. Aliondoka kwa utulivu, alisema, jana mchana, baada ya kunywa chai yake na kusema imepoa. Nilisikiliza ule ujumbe mara ya pili kwa ajili ya hilo neno, imepoa. Kisha nikamaliza mchicha, nikanawa mikono, nikampigia Musyoka kule Machakos, ambako siku hizi ana chuo chake cha udereva na magari mawili yenye herufi L nyekundu mbele na nyuma.

"Woi," alisema Musyoka. Nilisikia mtu akibadilisha gia vibaya nyuma yake. "Woi, Mwanaidi. Pole sana. Na mimi nijipe pole. Huyo mama alikuwa wetu." Tukakaa kwenye simu kama watu waliokaa kwenye mkeka mmoja wa msiba. Halafu tukaanza kukumbushana, na hatukuchukua hata dakika tano kabla ya kubishana. Yeye anasema safari zetu za jangwani tulizianza kwa yule bwana wa mchanga. Mimi nasema tulianza kwa yule wa mawe. "Wewe ulikuwa unalala kwa gari, utakumbuka nini?" aliniambia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikacheka. Nikamwambia nitaandika, na nitaandika ilivyokuwa. Kwa hiyo tulianza kwa mawe.

Sitaeleza nyumbani kulikuwaje wala nini kilinipeleka Doha. Walioenda wanajua, na ambao hawakwenda wanaweza kukisia. Nilikuwa sijafika thelathini, nilikuwa na Kiarabu cha madrasa na kingine cha kuokoteza, na nilikuwa nimetoka kwenye nyumba moja yenye watoto sita nikapelekwa kumtunza mgonjwa kwenye nyumba isiyo na mtoto hata mmoja. Ilikuwa fleti ya juu kabisa kule mtaa wa Pearl, yenye madirisha kuanzia sakafuni hadi darini, na chini yake boti nyeupe zimepangwa kama viatu nje ya msikiti. Kila mgeni aliyeingia alikwenda kwanza dirishani. Abla Muneera, mama yake Haya, peke yake ndiye aliyeipa bahari mgongo. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kuelekea kabati la vitabu, na nilipojaribu siku ya kwanza kukigeuza apate kuona nje, alinipiga kidogo mkononi kwa vidole vyake vya kushoto, kama unavyompiga mtoto anayechovya kidole kwenye sukari. Chumba chake kilinukia udi na dawa ya kuchua. Kitandani kulikuwa na mito mingi kuliko watu wa nyumba nzima.

Abla ni jina wanaloitwa walimu wa kike huko. Alikuwa amefundisha sayansi katika shule ya wasichana maisha yake yote, na wanawake wa makamo waliomwona kwenye lifti walisimama wima ghafla na kuvuta shela zao vizuri. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia, nusu ya mguu, na majina ya vitu. Alikuwa anaelewa ulichosema. Alikuwa anajua anachotaka. Lakini neno likitakiwa kutoka, lilitoka moja tu, lile lile, na hakuna daktari aliyejua kwa nini lilibaki hilo: sabuni. Akitaka chai, alisema sabuni. Akitaka dirisha lifungwe, sabuni. Simu ya mwanawe aliyekuwa Ulaya ikilia, alinyoosha mkono na kusema sabuni, sabuni, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto, na mimi nikamshikia simu sikioni.

Musyoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka kwa hilo, na alicheka kwa mapenzi. Alikuwa dereva wa nyumba ile, Mkamba mrefu mwenye suruali zilizopigwa pasi kama za askari, akilala mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na Wakenya wenzake katika chumba cha vitanda vya juu na chini, na kila Ijumaa akienda Mesaimeer kuimba besi kanisani. Siku ya kwanza kumsikia Abla aliniuliza pembeni, "Kwani huyu mama anajua Kiswahili? Mbona anaomba sabuni?" Nikamweleza kuwa Kiarabu nacho ni sabuni, sisi ndio tuliochukua. Alishangaa kweli. Tangu siku hiyo akawa anayakusanya hayo maneno kama mtu anayeokota sarafu barabarani: sahani, dunia, kitabu, samaki. Na mimi jikoni nikawa nayakusanya ya kwangu. Mpishi alipika ngano na nyama hadi ikawa uji mzito, nikaonja, nikakuta ni bokoboko. Akakaanga vitumbua vidogo vya mviringo akavichovya kwenye shira, nikakuta ni kaimati. Nilikuwa nimekwenda mbali sana na nyumbani, nikakuta sahani za nyumbani zimetangulia.

Haya, binti yake, alifanya kazi ofisini hadi jioni. Alikuwa mwema, na alikuwa amechoka. Kila wiki alikuja mtaalamu na kadi zenye picha: tufaha, saa, paka, kiatu. Abla alizitazama mara mbili tatu. Siku moja akazifagia zote kwa mkono wa kushoto zikatawanyika sakafuni, akageuza uso. Haya alipiga magoti kuziokota akiwa bado na viatu vya ofisini miguuni. Niliinama kumsaidia, na akiwa pale chini, kama anazungumza na kadi, alisema, "Alikuwa anawapeleka wasichana wake jangwani kwa basi. Kulikuwa na watu kule ndani wenye majumba madogo ya maonyesho, mashambani kwao, kando ya barabara. Mawe, mifupa, vyombo vya kupimia upepo. Mengine aliwasaidia kuyapanga. Leo yeye ndiye wa kuonyeshwa tufaha?" Akaokota kadi ya paka. "Mimi hakunipeleka. Nilikuwa shule nyingine. Alikuwa anafundisha mabinti za watu, sisi tunabaki na yaya." Akasimama, akapangusa magoti. "Muulize Musyoka kama Jumamosi ana nafasi."

Huo ndio ukawa mwaka wa Jumamosi. Tulianza joto lilipopungua. Musyoka aliweka kiti cha magurudumu nyuma ya gari, mimi nilibeba chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, kaimati kwenye kopo, na chapati alizokuwa amenunua jana yake kwa mama mmoja wa Nakuru aliyekuwa akiuza baada ya ibada. Tulishika njia ya Dukhan. Sikuwa nimewahi kuona nchi iliyolala hivyo. Nyumba zilikwisha, ikabaki ardhi ya rangi ya biskuti, nguzo za umeme, na mara moja moja uzio wenye ngamia wanaotazama barabara kama wanasubiri mtu. Kweli nililala. Niliamka tumesimama mbele ya banda refu la saruji lenye kibao kilichopauka.

Mwenye banda alikuwa mzee wa kampuni za mafuta, aliyestaafu na mawe yake. Aliyaweka kwenye rafu za duka, kila moja na taa yake ndogo, na katikati kulikuwa na nguzo za mwamba zilizochimbuliwa chini kabisa ardhini, zimekatwa duara kama vipande vya muhogo. Alimjua Abla. Alimbusu kichwani, akampa jiwe jeusi ashike. Abla aliligeuza, akalinusa, akalamba kidole chake akalipaka mate lionekane rangi, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mtu mwenye kazi. Akafungua kinywa. "Sabuni," akasema. Yule mzee, kwa adabu, akaitikia: "Ndiyo, Abla. Sabuni." Nilidhani ametenda wema. Lakini Abla alilipigiza lile jiwe mezani hadi taa ikacheza, akatazama pembeni, na machozi yakamtoka bila sauti. Njia yote ya kurudi hakutaka chai.

Nimefanya kazi miaka mingi sasa na watu waliopatwa na kiharusi, katika chumba cha mazoezi hospitalini hapa Tanga, na kila ndugu mpya anayemleta mgonjwa humweleza kwa upole kuwa sawa, bibi, sawa, hata bibi akisema mwezi ni ndoo. Huwa nawaambia wasifanye hivyo. Sikulijua darasani. Nililijua kwenye lile banda. Abla alijua kuwa lile jiwe si sabuni. Alijisikia akilisema, alijisikia akikosea, na mtu mzima mwenzake akamwitikia kama anavyoitikiwa mtoto au kichaa. Usiku ule nilimwambia Musyoka kwa simu kuwa kuanzia sasa akisema sabuni tutamwambia, hapana, Abla, si hiyo, na tutasubiri. "Akikasirika je?" "Akasirike. Tutasubiri na hasira yake." Musyoka akasema, "Sawa, lakini wewe ndiye utakaa naye kiti cha nyuma."

Tukasubiri. Jumamosi ya pili, ya tatu, tukimwambia si hiyo, Abla, na yeye akitukodolea macho, tukala chapati zetu. Ndipo tukafika kwa yule bwana wa mchanga, na hapa nampa Musyoka haki yake, kwamba hiyo ndiyo siku iliyotufungulia. Alikuwa kijana bado, mwenye chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, na rafu za mitungi ya mchanga kutoka kila pembe ya nchi: mweupe kama unga wa sembe, mwekundu, wa rangi ya majivu. Alieleza kuwa kuna vilima kusini ambavyo mchanga wake huimba ukiteremka, na Musyoka akaniambia pembeni kwamba pengine hiyo ni jenereta ya mtu. Kisha yule bwana akafunga bamba la chuma kwenye kigingi, akanyunyizia mchanga juu yake kama chumvi kwenye samaki, akachukua upinde wa fidla akaupitisha ukingoni. Bamba likalia kwa sauti nyembamba. Na ule mchanga ukaanza kukimbia. Ulikimbia wenyewe, ukakusanyika, ukajipanga mistari iliyonyooka na mingine iliyopinda, hadi juu ya bamba pakawa na ua la pembe nane, kama vile limechorwa kwa hina. Musyoka alirudi nyuma hatua nzima. "Yesu," akasema.

Abla aliinuka kidogo kitini. Bwana akabadilisha mahali pa kupitisha upinde, sauti ikapanda, ua likavunjika na jingine likazaliwa. "Sa," alisema Abla. Nikajua linakuja lile lile, nikajiandaa kumwambia si hiyo. "Sa... su..." Alikunja ngumi. "Sura."

Sura, yaani picha, umbo. Neno lao na letu. Aligundua yeye mwenyewe kuwa amelisema, akatutazama mmoja mmoja kuona kama tumesikia. "Sura," akarudia, kwa sauti kubwa. "Sura, sura!" Musyoka alipiga makofi kama yuko kanisani, na yule bwana, asiyejua kilichotokea, akaendelea kupiga bamba kila upande huku jasho likimtoka, na kila umbo jipya likitokea Abla alilitaja kwa jina lile lile, sura, na kila mara lilikuwa sahihi. Njiani alikunywa vikombe viwili vya chai. Akala kaimati hadi shira ikamchirizika kwenye mkono wa abaya, na hakutaka nimfute.

Majira ya baridi yalipita hivyo. Maneno yalirudi bila mpangilio, kama watu wanaochelewa harusini: chumvi ilikuja kabla ya maji, jua kabla ya mchana. Mengi yalitoka akiwa na kitu mkononi, kitu chenye uzito, na hayakutoka kabisa kwa kadi. Na kwa kuwa mimi nami Kiarabu changu kilikuwa cha mashimo mashimo, tulikuwa tunajifunza pamoja. Akishika kome kwenye meza ya maonyesho, mimi namtazama yeye, yeye ananitazama mimi, na wote wawili hatujui linaitwaje. Basi tunacheka, hadi mwenye nyumba atuambie. Jioni, nikimpaka mafuta miguuni, tunayarudia. Nikikosea, alinipiga vidole. Sikuwahi kuwa na mwalimu aliyenipenda kabla ya huyo.

Jambo lililotaka kuharibu yote lilitokea joto likianza kurudi. Tulikuwa njia ya Salwa, tukitoka kwenye kijumba cha vyombo vya hali ya hewa, na Musyoka anataka tuwahi nyumbani. Abla alimshika bega kutoka nyuma. Akanyoosha kidole kushoto. Hapakuwa na kibao, wala uzio, ila alama mbili za magurudumu za zamani zikiingia kwenye ardhi tupu. "Huku?" aliuliza Musyoka kwa Kiarabu chake. "Huku," akasema Abla, neno zima, wazi. Musyoka akanitazama kwenye kioo. "Mwanaidi, mimi huyu mama akiongea siwezi kataa." Akakata kona.

Tulikwenda vizuri mwanzoni. Abla alikaa mbele kabisa ya kiti, ameshika mgongo wa kiti cha Musyoka, akielekeza kidole kulia, kushoto, bila kusita. Kisha ardhi ikabadilika rangi, ikawa nyeupe na kung'aa. Ni ardhi ya chumvi, wenyewe huiita sabkha. Juu imekauka kama mkate, chini ni tope. Gari lilizama mbele hadi kwenye taa. Musyoka aliwasha, akazima, akachimba kwa mikono, akavua shati lake la pasi akaliweka chini ya tairi, nalo likazama. Simu hazikushika. Jua likasimama juu yetu. Nilimfunika Abla kwa shela langu lililoloweshwa maji ya kunywa, hadi maji yakabaki mafunda mawili. Alikuwa anataka kushuka. Alikuwa bado ananyoosha kidole, mbele, mbele, na sauti yake ilikuwa imeanza kulegea. Kisha akaacha kunyoosha kidole, akaegemea kifua changu akiwa na joto kama sufuria, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilisoma kila aya niliyoijua kwa moyo. Kwa upande wa pili nikamsikia Musyoka anasali kwa Kikamba.

Mchunga ngamia mmoja, mzee wa Kisudani, aliliona gari likimeta kwa mbali akaja na pikapu yake, akisimama pale ambapo ardhi ingali ngumu. Alitubebea Abla mgongoni. Akampa maziwa ya ngamia kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, na macho yakafunguka. Musyoka alipomshukuru, yule mzee alitikisa kichwa. "Mlikuwa mnakwenda kwa Bu Rashid, yule wa maonyesho ya mifupa? Njia hii imekufa siku nyingi. Tangu ijengwe barabara ya lami watu wanazungukia kule."

Siku ile hakuna aliyetuuliza tulikuwa tunakwenda wapi. Abla alilazwa na kutundikiwa maji, akatoka baada ya siku chache akiwa dhaifu na mkimya. Haya hakutupigia kelele. Alisema tu kwamba safari zimekwisha, na Musyoka akakabidhiwa kazi za sokoni. Abla akarudishwa kwenye kiti chake mbele ya kabati. Neno la sabuni likarudi. Nilikuwa nalisikia kutoka jikoni.

Jioni moja nilikuwa nakaanga kaimati, Haya akaingia jikoni na simu, akaiegemeza kwenye bakuli la matunda huku akitafuta dawa ya kichwa kabatini. Nduguye aliyeko Ulaya alikuwa anaongea kwa sauti iliyojaa chumba. Hospitali ya Ujerumani imekubali, alisema, wana kitengo cha wagonjwa kama yeye, akae huko mwaka, ikibidi miwili. Amlete kabla joto halijakolea.

"Nani atazungumza naye Kiarabu?" aliuliza Haya.

"Haya, yeye mwenyewe anazungumza Kiarabu? Umeniambia alikuwa ananyoosha kidole kwenye jangwa tupu na dereva anafuata. Ungempoteza."

Haya alifunga macho. "Ndiyo," alisema. "Jangwa tupu."

Sikuwa nimewahi kuingilia mazungumzo ya nyumba ile, na kwenye nyumba ya kwanza niliona mtu akirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilizima moto. "Samahani, Madam," nikasema. "Halikuwa jangwa tupu." Haya akageuka. Nduguye akauliza ni nani huyo. "Alikuwa anatupeleka kwa Bu Rashid. Yule mchunga ngamia alituambia. Ile ilikuwa njia ya zamani, ndiyo anayoijua yeye. Alikumbuka kila kona, Madam. Njia ndiyo iliyokufa." Nilikuwa bado nimeshika kijiko kinachochuruzika mafuta.

Haya alifunga kabati la dawa. "Bu Rashid yuko hai?" aliniuliza.

"Mchunga ngamia alisema watu bado wanamwendea, kwa barabara ya lami."

"Nililia mpaka nikaumwa nikitaka kwenda huko," alisema Haya, na nadhani alikuwa anamwambia nduguye, ingawa alinitazama mimi. "Mama alisema kuna ng'ombe wa bahari. Nilikuwa na miaka saba." Akachukua simu. "Nitakupigia Jumapili. Kuna mahali nakwenda kwanza."

Niseme mapema, ili msomaji asiumie: Ujerumani hakwenda. Nilikaa naye miaka mingine mitatu, na alipofikia kugombana na wauza samaki kwenye simu, yeye mwenyewe, kwa sentensi zenye matundu lakini zinazofika, ndipo niliporudi nyumbani kusomea hiki ninachokifanya leo. Haya ndiye aliyeniandikia barua ya chuo. Lakini yote hayo yaliamuliwa siku moja, na sikuyaamua mimi.

Tulizungukia barabara ya lami, sote wanne. Haya alikaa nyuma na mama yake, akiwa na miwani nyeusi na mkoba wa ngozi magotini, na Musyoka aliendesha polepole kama amebeba mayai. Shamba la Bu Rashid lilikuwa na mitende michache, bata, na ukumbi uliofunikwa mabati. Nje kulikuwa na basi la shule. Ndani, wasichana kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na mbele yao, juu ya mchanga uliomwagwa sakafuni, alikuwa amelala nguva, ambaye wao humwita ng'ombe wa bahari. Mifupa mitupu. Fuvu lenye pua iliyoinama, mbavu nene kama mikono ya mtu, uti ukienda hadi mkiani. Nguva nilikuwa namjua, wavuvi wa kwetu wanamzungumzia kwa sauti ya chini, lakini huyu alikuwa amechimbwa pale pale, chini ya ardhi ile kavu, na alikuwa ameshakuwa jiwe.

Bu Rashid alikuwa mzee sana, mdogo kwa umbo. Alimwona Abla akiingia, akaacha alichokuwa anasema. "Mabinti, simameni," aliwaambia. "Huyu ndiye aliyenisaidia kumpanga. Ubavu huu alikaa nao magotini siku nzima tukibishana ni wa kushoto au wa kulia." Mwalimu wao, msichana mdogo aliyeshika kipaza sauti, hakumjua Abla, lakini alisogea pembeni.

Nilimsukuma hadi kwenye mchanga. Abla aliweka mkono wa kushoto juu ya ubavu. Wasichana wakakaa. "Hapa," alisema. Wakasubiri. Nilihesabu moyoni, nikajizuia. "Hapa, bahari." Akaonyesha sakafu, kuta, mlango, jua lote lililokuwa nje. "Yote. Bahari. Na huyu..." Neno halikuja. Akanitazama.

"Ng'ombe wa bahari," nikasema, mimi, mbele ya darasa.

"Ng'ombe wa bahari. Si samaki. Ana..." Akajigusa kifuani. Wasichana wakachekea viganjani. Akanitazama tena.

"Maziwa."

"Maziwa! Ananyonyesha. Anakula..." Safari hii alifunga macho, na nikafunga mdomo. "Majani. Majani ya chini. Kama ng'ombe." Msichana mmoja akauliza wanajuaje kuwa kulikuwa na maji. Abla akapekua mchanga kwa vidole, akainua kome la jiwe, akalirusha hewani likadakwa na msichana wa mstari wa mbele. Ukumbi ukachangamka. Hakuwa ananitazama tena mara kwa mara. Nilirudi nyuma kidogo, kisha zaidi, hadi nikafika alipokuwa Musyoka mlangoni, amevua kofia.

Haya alikuwa amekaa chini, mkekani, nyuma ya wasichana wote, amekunja miguu ndani ya abaya yake nzuri. Miwani ameivua. Nilimwona akiinua mkono. Abla hakumwona mwanzoni, kwa hiyo aliuinua zaidi, kama anayeogopa kengele italia.

"Abla," alisema. Hakumwita mama. "Kwa nini nguva waliondoka hapa?"

Abla alimtazama kwa muda mrefu, hadi nikaogopa kuwa hamjui. Kisha akakunja uso.

"Ukiuliza, simama," alisema.

Wasichana wakaangua kicheko, wakageuka wote kumtazama mwanamke mzima aliyekaripiwa. Haya alisimama. Mkoba ulimwanguka, hakuuokota. Alinyoosha abaya yake, akaweka mikono nyuma.

"Kwa nini nguva waliondoka hapa, Abla?"

"Hawakuondoka," alisema Abla. "Bahari ndiyo iliyoondoka. Wao wapo. Wako nayo." Alimwangalia kuona kama ameelewa, na Haya akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, huku akijifuta uso kwa ncha ya shela.

"Vizuri. Kaa."

Haya akakaa. Abla akasogeza mkono wake hadi kwenye mkia, akaendelea na somo.